Miguu Yetu Kilimanjaro

Sisi wa Tarime hujidai kwamba baridi tunaifahamu. Asubuhi za Juni na Julai mtoto habebwi mgongoni bila blanketi. Basi akina mama wanne, wawili wa Tarime na wawili wa Mugumu, tulipopanga kupanda Mlima Kilimanjaro, hatukuogopa baridi. Tuliogopa suruali.

Msomaji, usitucheke. Jambo hilo tulilizungumza jioni mbili nzima baada ya ibada ya akina mama. Mwishowe tukakubaliana: sketi ndefu ya kitenge, na ndani taiti ya pamba. Muuguzi kati yetu, ndiye aandikaye haya, alijaza mkoba dawa za kichwa na plasta, asiulize hata mara moja miguu itavaa nini.

Tulifuata njia ya Marangu. Mandara, mita 2,720, tuliimba. Horombo, mita 3,720, asubuhi tulikuta jalidi kwenye nyasi. Kutoka Kibo, karibu mita 4,700, safari ya kileleni huanza usiku wa manane, na baridi huko huweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri.

Vifuani tulivaa sweta tatu tatu. Miguuni tulikuwa na taiti ileile iliyolowa jasho la mchana. Pamba ikilowa haitunzi joto, na sketi huukaribisha upepo kutoka chini. Baada ya saa mbili mwenzetu mmoja wa Mugumu akasema hasikii vidole vya mguu. Kiongozi wa msafara akamuuliza kwa heshima, "Mama, ndani umevaa nini?" Tukanyamaza.

Tulirudi Kibo wote. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta. Hatukuvisugua, kwa maana kusugua huumiza ngozi, wala hatukuvisogeza kwenye jiko, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hauna habari unapoungua. Tulivitia katika maji vuguvugu, ya kiasi kile ambacho kiwiko hukikubali unapotaka kumwogesha mtoto mchanga. Rangi ilirudi pamoja na maumivu. Alilia, nasi tukamshukuru Mungu kwa kilio kile.

Twajua darasani kwamba mwili ukishikwa na baridi hupunguza damu ya miguuni ili kuulinda moyo na ubongo. Tena damu iendayo vidoleni hupita pajani na kwenye goti. Huko kukiwa wazi, hufika ikiwa imepoa. Sweta ya nne isingetusaidia.

Mwaka uliofuata tulirudi. Ndani tulivaa taiti za sufu (mmoja alipata za wanamichezo, zile zinazokauka upesi, nazo zilifaa), kisha suruali nene, na juu suruali pana isiyopitisha upepo. Soksi kavu tulizitunza kwa ajili ya usiku ule tu. Viatu hatukuvikaza, kwani kiatu kinachobana huzuia damu. Tulitembea polepole tusitoke jasho, tukichezesha vidole kila tuliposimama. Vitenge tulivifunga juu ya suruali mpaka Kibo, tukaviacha hapo.

Tulifika Uhuru, mita 5,895, watatu kati ya wanne.

Mzee mmoja wa kanisa alipoziona picha akauliza, "Na hizo suruali, akina mama?" Yule mwenzetu wa Mugumu hakujibu. Alivua kiatu, akamwonyesha kidole gumba, ambacho ukucha wake ulikuwa bado haujaota wote.