Ufa Mdogo Katika Mkono wa Trela

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bila shaka waliosema hivyo walikuwa wakitazama nyumba, lakini kwa habari ya chuma maneno hayo ni kweli zaidi. Nyumba yenye ufa humwonya mwenyewe kwa muda mrefu: udongo humomonyoka, mlango hukwama, na mwanga wa jua hupenya ukutani. Chuma hakina huruma hiyo. Hunyamaza kimya mpaka siku kinapokatika, na siku hiyo hapana tena nafasi ya kushauriana.

Mkulima mmoja wa miwa katika bonde la Nyando, upande ule ambako kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, alijifunza jambo hili kwa gharama ndogo kuliko wengi. Alikuwa na trekta moja na trela moja, na miwa yake ilikuwa imekwisha kukatwa, imelala shambani. Kila mkulima wa miwa ajua maana yake. Muwa uliokatwa haungoji mtu. Sukari yake huanza kupungua, na kila siku ipitayo ni hasara kwa mwenyewe. Asubuhi hiyo dereva wake, alipokuwa akipaka grisi, aliona mstari mwembamba kama unywele ubavuni mwa pete ya chuma iliyo kwenye ncha ya mkono wa trela, ile inayofungwa kwa pini nyuma ya trekta. Aliufuta kwa kitambaa. Haukufutika.

"Mzee," akasema, "trela hii isiende barabarani leo."

Mzee akainama, akatazama. "Huo si mkwaruzo tu? Jana imebeba shehena nzima wala haikulia."

"Jana ndiyo iliyoufikisha hapa, Mzee. Na njia yetu yateremka mlima, tena yapita mbele ya shule."

Mzee hakupenda jawabu hilo, lakini hakulidharau. Akamwita fundi wa kuchomelea chuma. Fundi aliosha pete ikatoka tope na grisi yote, akaipaka mafuta mepesi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, akayaacha yanywee. Kisha akaifuta ikakauka kabisa, akaipaka unga wa chaki, akaigonga kwa nyundo mara chache. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki, mrefu kuliko ule ulioonekana kwa jicho. Njia hii ni ya zamani, nayo ilitumiwa sana katika karakana za reli kabla ya kupatikana vyombo vya kisasa.

"Basi piga moto juu yake, twende zetu," akasema Mzee.

"Siwezi, Mzee wangu," fundi akajibu. "Fedha yako naitaka, lakini kazi hiyo siitaki."

Yafaa ijulikane kwa nini fundi huyo alikataa. Watu wengi hudhani kwamba chuma hukatika kwa sababu ya mzigo mmoja mkubwa mno. Mara nyingi sivyo. Tarehe 8 Mei 1842 gari la moshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris, huko Ufaransa, lilivunjika ekseli ya injini, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye mhandisi Mjerumani, August Wöhler, alifanya majaribio ya miaka mingi juu ya ekseli za reli, akaonyesha kwamba chuma kikivutwa na kulegezwa mara nyingi sana huweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeustahimili mara moja. Chuma huchoka. Kila shimo la barabarani, kila kuondoka na kila kusimama ni mvuto mmoja zaidi. Ufa huanzia penye kona kali, au penye kutu, au pembeni mwa tundu, kisha hutembea kidogo kidogo. Ndiyo maana maneno "jana ilibeba" si ushahidi wa usalama. Ni sehemu ya hesabu ya deni.

Sasa, je, kipande chenye ufa kitengenezwe au kibadilishwe? Jambo la kwanza ni kujua kimefanywa kwa chuma gani. Pete, pini, ndoano na kile kichwa cha duara kinachovuta trela za magari madogo, kwa kawaida hufanywa kwa chuma kigumu kilichofuliwa na kuimarishwa kwa moto. Ukikichomelea chuma cha namna hiyo, ule ugumu wake hupotea mahali pamoja, na mahali pengine karibu na mchomeleo huweza kuwa kikavu kama kioo. Kwa nje kitang'aa, na mwenyewe atafurahi; kwa ndani ufa mpya utakuwa umekwisha kupata pa kuanzia. Vitu hivyo vibadilishwe.

Lakini mkono wenyewe wa trela, ukiwa ni wa chuma laini cha kawaida, huweza kutengenezwa na fundi hodari. Kwanza hutoboa tundu dogo penye mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Kisha huuchimba ufa wote kwa jiwe la kusaga mpaka kwenye kina chake, kwa umbo la herufi V, kwa maana kupaka chuma kipya juu ya ufa ni kufunika kidonda chenye usaha. Vijiti vya kuchomelea viwe vikavu, kwani unyevu huingiza katika mchomeleo hewa inayoleta nyufa nyingine. Chuma kinene hupashwa moto kwanza, na baada ya kazi huachwa kipoe polepole. Fundi anayemwagia maji ili mteja aondoke upesi anamfanyia mteja huyo uadui. Mwisho, jaribio la mafuta na chaki hurudiwa.

Hata hivyo kazi haijaisha mpaka ijulikane kilicholeta ufa. Pengine bolti zimelegea, pengine tundu limelika na pini inagonga mbele na nyuma, pengine mzigo umezidi. Bolti nzuri huwa na alama kichwani, kama 8.8, inayoonyesha nguvu zake; anayeitoa na kutia bolti yoyote aliyoiokota ameweka mlango wa chuma na kufuli la mti. Vivyo hivyo pini isifanywe kwa kipande cha nondo ya kujengea, nayo iwe na kizuizi chake isiruke. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, ili mkono ukiachana na trekta udakwe usichimbe barabara.

Yako na makosa mengine yaliyo mabaya zaidi, nayo ni kuhamisha mahali pa kuvutia. Mtu akiona pete imeharibika hufunga mnyororo juu, karibu na ekseli ya nyuma au kupita hapo. Mzigo ukivutwa kutoka juu, trekta huweza kuinua magurudumu ya mbele na kumpindukia dereva kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Hatari hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha Harry Ferguson, ambaye mwaka 1926 alipata hati ya uvumbuzi wake wa kuunganisha plau na trekta. Trekta zake ndogo za rangi ya kijivu, zilizotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, zilienea katika nchi nyingi. Akili ya kuunganisha vizuri ndiyo iliyozipa sifa, si ukubwa wa injini.

Mkulima wa Nyando alikodi trela ya jirani kwa siku mbili na kununua pete mpya. Gharama hiyo ilimuuma, na miwa kidogo ilikauka. Fundi alipoiweka pete ya zamani juu ya fuawe na kuipiga nyundo, ilikatika kwa mapigo machache. Zaidi ya nusu ya mahali palipokatika palikuwa peusi kwa kutu ya siku nyingi, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyong'aa. Sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikishika tani za miwa kila siku mteremkoni. Mzee aliishika mkononi muda mrefu, kisha akamwambia dereva, "Ahsante, mwanangu."

Kwa hiyo kila mwenye trela na atenge dakika chache kila juma kuosha na kutazama viungo vyake. Tena, na hili ni kubwa zaidi, asimkemee dereva aletaye habari mbaya asubuhi. Dereva anayeogopa kusema ni ufa mwingine, na huo hauonekani kwa chaki wala mafuta.