Kireno kwa mgongo wa Kiingereza

Kimya changu kilikuwa na sababu: nilikuwa nakimbizana na deni, na deni lenyewe lililetwa na neno moja tu la Kireno. Wacha niwasimulie.

Mwaka 2023 nilipata kazi ya kuiandikia kampuni moja ya Maputo programu ya kusimamia bidhaa ghalani. Mimi nyumbani naongea Kikamba, mtaani Kiswahili, kazini Kiingereza. Kireno sikuwa na hata salamu. Mteja alitaka kila neno kwenye skrini liwe la Kireno, na akaniahidi mtafsiri ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Basi nikaamua kujifunza mwenyewe, usiku usiku, baada ya watoto kulala.

Faili ya kwanza waliyonitumia ilikuwa na vichwa hivi: quantidade, descrição, documento, pagamento, total. Nikajiambia, kumbe lugha hii naijua!

Ukitaka kujua kwa nini, rudi nyuma kidogo. Kireno ni mtoto wa Kilatini. Kiingereza si mtoto wake, lakini Wanomandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa ikuluni na mahakamani kwa muda mrefu, na baadaye wasomi nao wakaendelea kuchota maneno ya Kilatini moja kwa moja vitabuni. Kwa hiyo yale maneno marefu ya Kiingereza, yale ya ofisini yaliyotutoa jasho shuleni, mengi yana ndugu zao Lisbon na Maputo.

Kilichonifurahisha zaidi, kama mtu wa programu, ni kwamba miisho ya maneno hubadilika kwa kanuni. Neno la Kiingereza likiishia na "-tion", Kireno huweka "-ção": "information" ni informação, "situation" ni situação. "-ty" huwa "-dade", kama universidade na qualidade. "-ble" huwa "-vel", na hapo nikalipata neno ninaloliandika kila siku, variável. "-ly" huwa "-mente". Mtu wa kompyuta akiona kanuni kama hizo hawezi kutulia. Nilichukua orodha ya maneno ya Kiingereza iliyomo ndani ya Linux, nikaandika mistari michache ya Python ya kung'oa mwisho mmoja na kubandika mwingine, na kabla chai haijapoa nikawa na jedwali: Kireno kushoto, na kulia lile neno la Kiingereza kama maana yake. Yaliyoishia na "-ção" peke yake yalizidi elfu moja. Nililala kama tajiri.

Asubuhi nikaanza kuyapima kwa kamusi. "Station" ilikuwa imetoka stação, kumbe Kireno hakipendi neno lianze na s ikifuatwa na konsonanti, huanza na e: estação. Hiyo ilirekebishika. "Vacation" ikanipa vacação, lakini Wareno husema férias. "Translation" ikanipa translação, neno lililopo kweli, ila hutumika kwa mwendo wa sayari kuzunguka jua. Kutafsiri ni tradução. Nikaona ni makosa madogo madogo tu, nikaacha kupima. Hapo ndipo nilipokosea.

Dalili nilipewa mapema. Katika lile faili kulikuwa na safu iliyoitwa "data", nami nikadhani ni data kama tuijuavyo sisi, nikaipa nafasi ya maandishi ya kawaida. Data kwa Kireno ni tarehe. Ripoti zote zikapanga Desemba 1 kabla ya Januari 2.

Februari 2024 nikaenda Maputo kufunga programu. Mlango wa ofisi uliandikwa PUXE, wanavyotamka ni kama "pushe", nami nikausukuma mpaka mlinzi akanihurumia. Maana yake vuta! Na kamusi inasema neno hilo na "push" yametoka kwa mzazi mmoja wa Kilatini.

Mchana tukaenda kula, na hapo Kiingereza changu kikanitupa kabisa. Kisu ni faca, kijiko ni colher. Kuku ni frango. Hakuna kanuni ya "-ção" itakayokuletea chakula. Lakini nikasikia mesa, nikasikia limão, ananás, vinho, nikacheka peke yangu. Meza, limau, nanasi, mvinyo! Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na wakafurushwa na Waomani mwaka 1698, ila maneno yao hayakupanda meli. Chumbani nilipolala foronya ilikuwa fronha. Hata sukari, açúcar, ni Kiarabu kile kile kilichotufikia sisi kwa njia nyingine. Kiingereza kilikuwa kimenipa ofisi ya Kireno, na Kiswahili kikanipa nyumba.

Nilirudi Nairobi na kichwa kikubwa. Kazi imekwisha, imebaki asilimia 40 ya malipo. Nikaandika kuulizia, nikajibiwa kwa mstari mmoja: "O restante será eventualmente pago em Março." Nikafungua jedwali langu. Eventualmente, "eventually". Yaani hatimaye, mwezi wa Machi, nalipwa. Kwa mstari huo nikakopa kwenye chama, nikalipa kodi ya nyumba ya miezi miwili na karo.

Machi ikaisha. Wiki ya pili ya Aprili nikampigia mhasibu wao, mama mmoja mpole sana. Nikamsomea barua yao wenyewe, kwa hasira kidogo. Akanyamaza, kisha akasema polepole ili nimwelewe: "Senhor engenheiro, eventualmente quer dizer talvez."

Talvez nilikuwa nalijua. Ni labda.

Hawakunidanganya. Waliandika kwamba huenda wangelipa Machi, nami nikasoma ahadi. Pesa zilikuja Agosti, na kufikia hapo riba ya chama ilikuwa imekula faida yote niliyoihesabu, na mke wangu alikuwa ameacha kuniuliza somo la Kireno linaendeleaje.

Mwaka huu wameniomba niongeze sehemu ya ankara. Kwenye mkataba nimeandika mwenyewe "até 31 de Outubro", na nimemsomea yule mama kwa simu kabla ya kutia sahihi. Lile jedwali sijalifuta. Nimeongeza safu ya tatu, tupu, ambayo naijaza kwa mkono, neno baada ya neno, kamusi ikiwa mezani. Nimefika herufi F.