Picha ya Sebuleni

Katika sebule ya wazazi wetu, hapa Sakania, imetundikwa picha iliyochorwa Lubumbashi katika miaka ya 1970, juu ya kitambaa cha gunia la unga. Yaonyesha chumba: mke ashona penye taa, mume, mwenye kofia ya reli, asimama mlangoni, kimya. Utotoni tulidhani wamegombana.

Baba yetu, mtu wa reli pia, hakutamka kamwe neno la mapendo. Lakini kila aliporudi safari ya usiku alimjazia mama mtungi wa maji kabla ya kulala. Mama amefariki, baba angali akiujaza.

Nasi tumerithi kimya hicho. Wapenzi wasomaji, matendo yasema kweli. Walakini wenzi wetu wangali hai: tuwaambie leo.