Gauni Lililokaa Sandukuni

Ndugu msomaji, je, unayo nguo uliyoshona, ukaivaa mara moja tu, kisha ukaiweka? Labda iko sandukuni mpaka leo. Labda ulisema, "Nimenenepa." Labda ulisema, "Mwili wangu haupendezi gauni." Mimi nilisema maneno ya namna hiyo juu ya mwili wa mama yangu mzazi. Nilikosea. Hapa nitakueleza jinsi nilivyokosea, na jinsi nilivyosahihisha.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Natembelea madarasa ya vijiji vya hapa Lamadi. Unapajua Lamadi: ni pale barabara ya Bariadi inapoachana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Ukishuka kwenye basi unawaona mafundi barazani na cherehani zao. Mimi si fundi wa barazani. Nilijifunza kushona kwa shangazi yangu, kabla sijasomea cheti changu. Nilijua kidogo, nikajiona najua sana.

Mwaka alioolewa dada yangu, mama aliuza pamba yake akanunua kitenge, yadi 6. Kilikuwa cha buluu, chenye maua ya manjano. Aliniambia, "Mwanangu, nishonee wewe. Fedha ya fundi tutanunua sukari ya wageni." Nilichukua futi kamba. Nilimpima kifua, kiuno, nyonga, na urefu wa mbele kutoka begani hadi chini. Mgongo sikuupima. Nilidhani urefu wa mbele ndio huohuo urefu wa nyuma.

Sasa, mama yangu amelima pamba tangu ujana wake. Amepalilia, amechuma, amebeba. Mgongo wake umeinama kidogo juu, karibu na mabega. Mgongo ulioinama ni mrefu kuliko mgongo ulionyooka, kama vile njia ya kupanda kilima ilivyo ndefu kuliko njia ya tambarare. Mimi sikulifikiri jambo hilo.

Siku ya harusi gauni lilimkaba koo. Pindo la nyuma lilipanda juu, la mbele likashuka. Alipoinua mikono acheze, mishono ya kwapani ikalia. Basi akakaa mkekani harusi yote. Watu walidhani ana huzuni ya kuagana na binti yake. Jioni alilikunja gauni, akaliweka sandukuni. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mgongo wangu ndio mbaya." Nami nikaitikia, "Ndiyo, mama." Neno hilo linaniuma hata sasa.

Miaka ilipita. Katika darasa moja la akina mama tukaanzisha somo la kushona. Hapo ndipo nilipojifunza kuitazama nguo vizuri, maana kila wiki mtu alileta nguo iliyomshinda.

Kosa la kwanza tulilolikuta lilikuwa la kusoma. Mama mmoja alishona mikono ya blauzi. Mkono mmoja ulikuwa mrefu, mwingine mfupi. Tulitazama daftari lake. Aliandika 16, kisha 19. Alikuwa amechanganya 9 na 6 aliposoma futi kamba. Wengine walisoma upande wa sentimita wakidhani ni inchi. Kwa hiyo, kabla hujapima, tazama futi kamba yako. Inchi 36 ni karibu sawa na sentimita 91. Ukiona mtu mzima ana kifua cha 91, usishangae, umesoma upande wa pili. Andika vipimo vyote kwenye daftari, na pembeni andika ni inchi au ni sentimita. Usivitunze kichwani.

Kosa la pili ni kukata kitambaa kikiwa kipya. Nguo ya pamba hurudi ikifuliwa. Loweka kitenge usiku mmoja, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Hilo halihitaji maneno mengi.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, yaani mikunjo. Shona nguo yako kwa bandi kwanza, kwa mkono, mishono mirefu. Usikimbilie cherehani. Ivae. Simama wima, shusha mikono, na mwambie mwenzako akutazame mbele, ubavuni na nyuma. Wewe mwenyewe huwezi kujitazama mgongoni, na ukijipinda mikunjo inabadilika.

Mikunjo hiyo inasema. Ukiona mistari iliyolala, inayovuka kifua au nyonga kama kamba iliyokazwa, hapo nguo inabana. Kitambaa kinatafuta nafasi. Fumua mshono wa ubavuni uongeze. Ukiona mikunjo iliyosimama, inayoning'inia kutoka juu kwenda chini, hapo nguo ni pana mno. Punguza. Mistari ya mshazari ndiyo migumu kidogo. Hiyo huelekea mahali penye shida, kama kidole kinavyoonyesha. Ifuate kwa macho mpaka inapoanzia. Ikianzia kwenye ncha ya kifua, basi kifua kinadai nafasi zaidi. Ikianzia begani, mshono wa bega haukufuata mteremko wa bega lako.

Tazama pia pindo. Pindo la mbele likipanda, kifua au tumbo limechukua urefu wa mbele. Mama mjamzito anajua habari hiyo. Pindo la nyuma likipanda, mgongo au makalio yamechukua urefu wa nyuma. Mwenzako alipoisoma sentensi hiyo darasani kwa sauti, mimi mwalimu nilinyamaza. Nilikuwa naliona gauni la buluu.

Kuna makosa mawili ambayo watu wengi huyafanya wakidhani wanasahihisha. Nayataja kwa sababu yanaharibu kitambaa kabisa. La kwanza, nguo ikikaba koo, mtu huchukua mkasi na kuipanua shingo mbele. Ngoja! Uliza kwanza kama nyuma ni fupi. Nyuma ikiwa fupi, inaivuta shingo yote kwenda mgongoni, na ndiyo maana koo linabanwa. Ukiipanua mbele, koo litapumua, lakini pindo la nyuma litabaki juu, na nguo itaanza kuteleza mabegani. Umefanya kosa la pili juu ya kosa la kwanza.

La pili ni kwapa. Mkono ukibana, mtu hukata tundu la kwapa liende chini zaidi. Inaonekana ni akili, sivyo? Lakini jaribu uone. Tundu likishuka sana, ukiinua mkono unainua gauni zima, maana mkono na ubavu vimeshikana mahali pa chini. Mtu anayechota maji na kujitwisha ndoo hawezi kuvaa nguo hiyo.

Dawa ya kwapa wazee wetu waliijua. Tazama kanzu za kushonwa za pwani. Mafundi wa kanzu hukata badani, ndiyo sehemu kubwa ya mbele na nyuma. Ubavuni hutia vipande vinavyoitwa taharizi. Na chini ya mkono hutia kipande kidogo kiitwacho kikwapa. Kikwapa hicho ndicho kinachompa mwanamume nafasi ya kuinua mikono bila kanzu kupasuka. Gauni nalo linaweza kutiwa kikwapa. Kata kipande cha mraba, inchi 4 kila upande. Fumua kwapani, inchi 3 kwenye mshono wa mkono na inchi 3 kwenye mshono wa ubavu. Panafunguka mfano wa jicho. Tia kipande chako humo, pembe moja ielekee mkononi, pembe nyingine ielekee ubavuni, ukunje nusu inchi pande zote.

Nilipojua hayo nilikwenda nyumbani. Nilisema, "Shikamoo, mama. Naomba unipe lile gauni la harusi." Akasema, "Marahaba. La nini? Lile si la kuvalika." Nikamwambia, "Mama, mgongo wako hauna kosa. Kosa ni langu. Sikuupima." Alinyamaza kidogo. Kisha akafungua sanduku.

Nilifumua nikakuta taabu nyingine. Ndani ya mishono sikuwa nimeacha kitu. Nilikuwa nimepunguza kwa mkasi ili ipendeze. Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Acha inchi 1 ubavuni, na inchi 2 au 3 kwenye pindo. Hiyo ni akiba. Mwili wa mtu mzima hubadilika, naye mtoto hukua. Wanawake wa darasa letu hununua mitumba sokoni, na nawaambia wapindue nguo waone ndani. Nguo iliyoshonwa na mtu mwenye busara ina akiba humo ndani.

Basi tungepata wapi kitenge kile? Mama alivua kilemba chake kichwani, akakiweka mapajani pangu. Alikuwa amekikata kwenye mabaki ya zile yadi 6. Nilisita. Akaniambia, "Kata. Kilemba nina kingine."

Nilimpima mgongo sasa, kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, nikaulinganisha na gauni. Ulipungua inchi 2. Nilikata gauni mgongoni kwa kulala, chini ya shingo kama inchi 5, kutoka kwapa moja hadi jingine. Hapo nikaingiza kipande. Tazama hesabu yake, kwa sababu watu wengi hapa hukosea. Tulihitaji nyongeza ya inchi 2. Gauni nililolikata litakunjwa nusu inchi juu na nusu inchi chini, yaani linapoteza inchi 1. Kipande chenyewe nacho kinakunjwa nusu inchi juu na nusu inchi chini, yaani inchi 1 nyingine. Basi 2 + 1 + 1 = 4. Kipande kilikuwa na upana wa inchi 4 katikati ya mgongo. Kwenye ncha, karibu na kwapa, hatukuhitaji nyongeza, basi 0 + 1 + 1 = 2. Kwa hiyo kilinenepa katikati na kusinyaa kwenye ncha. Kingekuwa na inchi 4 hadi mwisho, tundu la kwapa lingekuwa kubwa kuliko mkono, na mkono usingeingia vizuri.

Nilitia vikwapa pia. Nilipiga bandi, akavaa, akainama kama anayepalilia, akajifanya anajitwisha ndoo. Koo halikukaba. Ndipo nikapitisha cherehani.

Ila rangi haikufanana. Gauni lilikaa sandukuni gizani, bado ni buluu kali. Kilemba kimefuliwa miaka yote na kupigwa na jua, kimepauka. Mgongoni palikuwa na mshipi mweupemweupe kama njia ya ng'ombe. Niliona aibu. Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa pamba, sehemu kubwa huuzwa nje, nasi kitenge tunakinunua kwa jasho. Nilisema, "Mama, watu wataona kiraka."

Akajibu, "Watakaoona ni walio nyuma yangu. Mimi natazama mbele."

Akatoka nje na gauni lake, akainua mikono yote miwili, akashusha ungo wa michembe kwenye kichanja.