Kutoka Bisil Hadi Vilima vya Chyulu



Binti yetu ameolewa Kitengela, na kila madrasa inapofunga likizo mimi na mama watoto huenda kumtazama. Mara hii mkwe wetu alitutaka tusiishie mjini. Ana rafiki yake Bisil, Mmaasai aliyesilimu miaka mingi iliyopita, mfugaji wa ng'ombe, ambaye amekuwa akitualika tangu siku ya harusi. Basi Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tukashika barabara ya Namanga. Ukishapita Isinya na mji wa Kajiado nchi hufunguka mbele yako: tambarare ya nyasi fupi, migunga iliyosimama mbalimbali, na mbingu pana kuliko ile tuliyoizoea sisi watu wa vichochoro. Bisil wenyewe ni mji wa barabarani, unaosifika zaidi kwa mnada wake wa mifugo.

Bomani kwa mwenyeji wetu tulipokewa kwa maziwa na chai. Adhuhuri ilipoingia, kijana mmoja aliniletea birika la maji nitawadhe. Nilitawadha kama nilivyozoea nyumbani, kila kiungo mara tatu, bila ya hesabu, hata maji yakachora kijito kidogo kwenye vumbi. Yalipokwisha kabla sijamaliza miguu, nikaomba tena, na kijana akaenda kuleta.

Usiku ndipo mama watoto, aliyekuwa upande wa wanawake, aliponieleza. Maji yale yalitoka katika mtungi wa mwisho wa lita 20, ulionunuliwa asubuhi kwa mwenye punda, na ulikuwa ni wa kupikia na kunyweshea ndama. Wenye nyumba wao walitawadha kwa kikombe kimoja kimoja. Nami ndiye ninayesomesha watoto, huu mwaka wa 25, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, yaani maji ya kujaa viganja viwili vilivyounganishwa! Sikupata usingizi upesi usiku ule.

Asubuhi nilimwomba mwenyeji wangu radhi. Alicheka, kisha akasema neno lililotubadilishia safari yote. "Sheikh, nyinyi watu wa Mombasa maji yenu yanatoka huku kwetu juu. Twende nikakuonyeshe." Alikuwa akisema vilima vya Chyulu, ambako alipeleka ng'ombe wake wakati wa ukame wa 2022. Alikwenda na ng'ombe 40, akarudi na 11.

Tulirudi hadi karibu na Kajiado, tukakata kupitia Mashuru kuelekea Sultan Hamud, kisha tukaifuata barabara ya Mombasa mpaka Kibwezi na kulala hapo. Ni barabara ileile ambayo kila mmoja wetu ameipita usiku ndani ya basi, akiwa amelala. Vilima vile vinaonekana kushoto ukishuka kutoka Nairobi? Hapana, ni kulia; nami miaka yote hii sikupata kuvitazama. Vina urefu wa kiasi cha kilomita 100, vimejipanga kama safu ya mafundo, na kila fundo ni mlima wa moto uliozimika. Moto wao si wa zamani sana: mtiririko mweusi wa mawe unaoitwa Shetani, karibu na Tsavo Magharibi, ulimwagika katikati ya karne ya 19, wakati babu za babu zetu wako hai. Upande wa mashariki ni Makueni, kwenye mashamba ya Wakamba. Upande wa magharibi ni Kajiado, nchi ya malisho. Sehemu ya juu imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1983.

Tulipanda kabla ya jua kuchomoza, tukiwa na askari mmoja wa hifadhi, kwa gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne, maana gari la kawaida halifiki. Chini kulikuwa na joto na miiba. Kisha nyasi zikawa ndefu na laini, na ukungu ukatushukia hata hatukuona kofia za gari. Juu kabisa, ambako kilele kirefu kinafikia mita 2,188, msitu umejificha katika mabonde na kwenye vinywa vya milima iliyozimika. Miti imevaa ndevu za kijivu zinazoning'inia kutoka kila tawi, na kila unywele wa ndevu zile una tone la maji kwenye ncha. Hakukuwa na mvua, lakini chini ya miti kulikuwa kukidondoka.

Pembezoni mwa msitu, kwenye mawe meusi ambako huwezi kudhani kuwa kitu kitaota, tulikuta kichaka cha mti mmoja wa majani membamba kama sindano, na maua madogo meupe. Wataalamu wanauita erika. Huko Ulaya mizizi ya ndugu zake huchongwa viko vya tumbaku, jambo ambalo mkwe wangu alilijua na mimi sikulipenda. Hapa kazi yake ni bora zaidi: ni katika miti inayotangulia kuota juu ya mawe ya moto, ikashika udongo na umande, hata miti mikubwa ikapata pa kuanzia. Tulimwona pongo mmoja akituangalia bila ya hofu, na nyayo za nyati ambazo askari alitukataza kuzifuata. Shorobo alipita na mbawa nyekundu kama kanga mpya. Mara moja ukungu ulipasuka upande wa kusini-magharibi, na Kilimanjaro ikatokea na weupe wake. Mama watoto akasema "Subhanallah", na kabla hajamaliza ikafungwa tena.

Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mimi. "Maji yote haya yanadondoka, mbona hatujaona hata kijito kimoja?"

Askari akakanyaga chini kwa buti lake. Mawe ya Chyulu yana matundu kama mkate wa mofa. Mvua na ukungu huzama palepale vinapoanguka, vikasafiri gizani chini ya ardhi, vikaibuka kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, wanakoogelea viboko. Kutoka Mzima, tangu miaka ya 1950, bomba huchukua sehemu ya maji hayo mpaka Mombasa.

Mbele kidogo tulifika mahali palipoungua. Vigogo vya erika vilisimama vyeusi, na ardhi ilikuwa kavu, haina hata tone. Askari alisema moto huwashwa na wawindaji, na warina asali, na wengine wanaotaka nyasi changa. Mwenyeji wangu wa Bisil hakusema neno. Baadaye, tulipokaa kula, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwenye ng'ombe wanaokufa haoni msitu, anaona majani tu.

Nilimsimulia habari ya hima. Mtume aliifanya Naqi' kuwa malisho ya kuhifadhiwa, na Sayyidna Umar naye akahifadhi Rabadha. Umar alipomweka mlinzi wa hima alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie watu kama Ibn Awf na Ibn Affan, kwa kuwa mifugo yao ikifa wanayo mitende na mashamba ya kurejea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mwenye ng'ombe 40 angehesabiwa katika wachache au katika wengi. Nilimjibu kwamba nadhani ni katika wachache, lakini kama wenye 40 ni mia moja, mlinzi atakuwa na kazi. Akatikisa kichwa. Tulimaliza chai bila ya kulitatua.

Mama watoto ananiagiza niwaambie akina mama kwamba watakaokwenda na watoto wachukue sweta na viatu vya kufunga, wapinde buibui juu kidogo maana nyasi zinalowesha mpaka magotini, na wabebe chakula na maji ya kutosha, kwani huko juu hapana duka.

Juzi mwenyeji wetu alinipigia simu. Bisil imepata mvua, na ndama wawili wamezaliwa. Kisha akauliza kwa mzaha kama ule ukungu wa siku ile umeshafika mferejini kwangu. Nikamwambia bado, uko njiani, chini ya mawe.