Kiota Chini ya Upenu

Mwezi wa nne mwaka jana nilibomoa kiota cha mbayuwayu chini ya upenu wangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na makinda watatu wakafa. Sikuwa na chuki nao. Elimu yangu ya nusu ndiyo iliyowaua.

Kila Oktoba, mvua zikishika, mbayuwayu hujaa juu ya ua wetu wakiwinda wadudu watokao ziwani. Nilisikia redioni kwamba ndege hawa, wenye uzito wa gramu 20 hivi, hutoka Ulaya na kurudi huko kabla ya Mei. Basi nikajifanya mwalimu. Nikawakalisha watoto wa jirani mkekani, nikawaonyesha mikia yenye panda: "Hawa ni wageni kama sisi."

Lakini kinyesi kilidondokea ndoo za maji, na mama watoto alishachoka kulalamika. Aprili ilipofika, wale wengi wakatoweka. Nikajisemea, wenye nyumba wameondoka. Hapa kambini, safari za Marekani zilipokuwapo, mtu akiondoka, jioni hiyohiyo nyumba yake ilipata mtu mwingine, kwa hiyo sikuona ubaya. Nikachukua mti, nikagonga. Udongo ukaanguka na manyoya, kisha kitu kikalia. Wazazi wao walizunguka ua mpaka giza.

Watoto walipouliza, niliwaambia ni upepo.

Baadaye nilikwenda Mbarara kununua mabati, nikalala kwa rafiki mwenye kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki. Kwenye ukurasa wa mbayuwayu nikakuta wawili wanaofanana kama ndugu. Wa Ulaya ana ukanda mweusi kifuani na tumbo jeupe. Huku kwetu hajengi, anakuja kula tu. Wa pili, mbayuwayu wa Angola, wekundu wa koo lake umeshuka kifuani, na tumbo lake ni la majivu. Huyu, pamoja na jina lake, ni mwenyeji wa Uganda, na hujenga kwa udongo kwenye nyumba za watu.

Tumbo la majivu nililikumbuka. Lilikuwa likipita karibu na uso wangu jioni ile nzima.

Watoto nimeshawaambia ukweli. Mmoja akauliza kama wale wazazi wanajua kuwa ni mimi. Oktoba imerudi, wageni wamejaa juu ya ua. Chini ya upenu imebaki alama ya udongo, na hakuna aliyejenga tena.