Majani Yaliyopanda Treni

Treni ya Birmingham iliondoka Euston, London, asubuhi ya mvua, Novemba 2023. Ilikuwa ndiyo safari yangu ya kwanza kwenda mji ule, na reli ile ni ya mwaka 1838, kilomita 180 hivi. Baada ya stesheni ya Rugby nikasogeza uso kwenye kioo. Pembezoni mwa mashamba yalipangwa marobota ya majani, mengi yamefungwa plastiki nyeusi. Ng'ombe walikuwa bado malishoni, na chakula chao cha miezi ya baridi kilishawekwa tayari.

Nikamkumbuka baba, kule kwetu Simanjiro, mwanzoni mwa 2022. Mvua za vuli zilikuwa zimekosekana. Ng'ombe akianguka tulimwinua watu wanne, wawili mkiani, wawili pembeni, na asipopata cha kula huanguka tena kabla jua halijazama. Baba alipata gunia moja la pumba, kwa bei ya mbuzi. Alimpa mtamba wetu mwekundu kiganjani. Akalamba mara mbili, kisha akalaza shingo chini. Tulikuwa na ng'ombe 43, wakabaki 11.

Dada, mtoto wa mama mkubwa, alinipokea stesheni ya New Street. Nikamwamkia, na kabla hata ya chai nikamwomba anipeleke kwenye stesheni ya zamani ya Curzon Street. Jengo lile la mawe lenye nguzo nne ndefu lilikuwa limezungukwa na ujenzi wa reli mpya ya mwendokasi. Abiria walihamishiwa New Street mwaka 1854, lakini mizigo iliendelea kupita Curzon Street hadi 1966.

Katika historia ya mizigo ile, kilichonishangaza ni farasi. Nilidhani treni ilipokuja wanyama walistaafu. Kumbe ziliongezeka kazi zao! Treni hufika stesheni tu. Kutoka pale hadi dukani na kiwandani, mzigo ulibebwa na mkokoteni wa farasi. Kampuni za reli zikafuga farasi kwa maelfu, na farasi wa mjini hana malisho. Anakula kilo 10 au zaidi kwa siku, kila siku, hata Jumapili asipofanya kazi.

Tulifika Sheepcote Street, mtaa ambao jina lake lina maana ya banda la kondoo. Pale kando ya mfereji kuna Roundhouse, jengo la matofali lililopinda kama kiatu cha farasi. Halmashauri ya mji ililijenga mwaka 1874 kwa mazizi na maghala. Uani nilikanyaga matofali ya buluu iliyokoza, yenye unyevu. Dada akasema, "Miaka tisa napita hapa, sikujua palikuwa pa farasi."

Kampuni ya reli ya Great Western, iliyokuwa na ghala kubwa la mizigo mtaa wa Hockley, Birmingham, ilitatua suala la chakula kwa namna ninayoiheshimu sana. Katika miaka ya 1880 ilijenga ghala kubwa katika mji wa Didcot. Majani makavu yalikatwakatwa, nafaka zikachanganywa, vikatiwa kwenye magunia na kupelekwa kwa treni kwenye mazizi ya kampuni. Majani makavu ni mzigo mgumu: mepesi lakini yanajaza behewa upesi, na cheche moja ya kichwa cha treni ya moshi inatosha kuyateketeza. Ndiyo maana yalifunikwa turubai. Yakikatwa na kushindiliwa, behewa lile lile linabeba mengi zaidi.

Hapo ndipo nilipokaa kimya, nikiwaza nyumbani. Dodoma na Singida kuna mashudu ya alizeti, mzigo mzito usiopoteza nafasi kama majani. Reli inatoka Dodoma hadi Ruvu, inapita kipande cha Ruvu hadi Mruazi, kisha Korogwe na Moshi. Treni ilirudi Arusha mwaka 2020, baada ya zaidi ya miaka 30. Kutoka Moshi au Arusha, lori linafika Simanjiro siku hiyo hiyo. Ng'ombe wa baba walikufa reli ikiwa tayari inafanya kazi.

Nawaomba Shirika la Reli, Wizara ya Mifugo na vyama vya wafugaji wakae pamoja kabla ya kiangazi, wapange mabehewa ya mashudu na pumba, wakubaliane nauli na mahali pa kuyashushia. Ng'ombe akishalala chini, lori la kesho halimsaidii.